Zimwi wa Kikapu

Mjukuu wangu wa kike ana mchezo wa mazimwi ndani ya simu yake. Anakaa kwenye kochi langu, miguu juu, anawapiga risasi mmoja baada ya mwingine, na mimi nikimaliza kumenya viazi huketi kando yake kutazama. Kuna mmoja mwenye vichwa vitatu, na mwingine ngozi yake inafuka moshi. Kila mmoja ana maelezo yake: aliharibiwa na sumu, ana nguvu kiasi hiki, anauawa kwa njia hii. Siku moja nilimwuliza mjukuu wangu, huyo wa vichwa vitatu alikunywa nini, na wakati anakunywa alikuwa amesimama karibu na nini. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Akasema hayo hayamo. Nikamwambia basi waliomtengeneza ni wavivu, nikarudi jikoni.

Nina haki ya kusema hivyo, maana mimi niliishi na mazimwi waliokuwa na sheria.

Ilikuwa juu kule Mau Narok, miaka ile redio zilipotangaza kwamba watu wamefika mwezini. Shamba lilikuwa la mzungu, ngano upande mmoja, pareto upande wa pili, na katikati laini yetu, yaani safu ya vyumba vya mbao na mabati walimoishi wafanyakazi. Chumba kilikwenda pamoja na kazi. Chetu kilikuwa cha mama mkwe wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kudumu ya kuchuma pareto. Mimi nilikuwa kibarua tu, naitwa maua yakizidi, narudishwa nyumbani yakipungua. Mume wangu alikuwa ameteremka Nakuru kutafuta kazi, na nadhani kazi nayo ilikuwa inamtafuta, ila hawakuwa wamekutana. Kwa hiyo tulikuwa watatu chini ya mabati yale: mama mkwe, mimi, na mtoto mchanga. Mama mkwe akipoteza nafasi yake, sote watatu tungetoka na sufuria zetu siku hiyo hiyo, na mahali pa kwenda hatukuwa napo.

Ua la pareto ni dogo, jeupe, lina moyo wa njano, na ukiliona kwa mbali utasema ni pambo. Linachumwa kwa vidole viwili, kichwa tu, bila kikonyo. Umeinama kutoka asubuhi umande ukiwa bado wa barafu mpaka jioni, mgongo ukiwa umesahau njia ya kurudi juu. Maua yenyewe hutengenezewa dawa ya kuulia wadudu, na ukiyashika kutwa, macho yanawasha na ngozi ya vidole inapasuka. Hakuna aliyelalamika. Kulalamika kulihitaji pumzi, na pumzi tuliihitaji kwa kupanda kilima.

Ili siku iishe, tulisimuliana hadithi mistarini. Mtu anayesimulia huchuma polepole, kwa hiyo kulikuwa na desturi ambayo sijui nani aliianzisha: tukifika mwisho wa mstari, kila aliyesikiliza anamtupia msimuliaji mkono mmoja wa maua ndani ya kikapu chake. Tuliita kulipia hadithi. Zamu ilizunguka. Wengi wetu tulikuwa na zile hadithi za sungura ambazo kila mtu alizijua mpaka mwisho, na malipo yake yalikuwa ya kubana, maua machache yaliyonyauka.

Mama mkwe wangu hakuwa msimuliaji. Alikuwa mchumaji, tena wa kusifiwa, mwenye kikapu kilichojaa kabla ya wengine. Lakini baridi ya Mau iliingia kwenye vidole vyake, ikakaa. Kwanza vilikuwa vigumu asubuhi tu, halafu asubuhi na jioni, halafu vikakataa kabisa kukunjika. Nilikuwa nikimfunga vifungo vya sweta mimi mwenyewe, tukiwa tumeufunga mlango, ili majirani wasione. Yeye hakusema neno juu ya mikono yake. Alivaa leso kubwa, akaiingiza mikono ndani, na tulipofika shambani akatangaza kwamba leo zamu ni yake. Kesho yake pia ikawa yake.

Akatuambia kwamba wale watu walipokanyaga mwezi walibomoa jiwe, na jiwe hilo likaanguka ndani ya shimo la volkano la Menengai. Mvuke ukaliyeyusha. Maji yake yakapita chini kwa chini Bonde lote la Ufa, yakawa yanatokea hapa na pale, kwenye chemchemi, kwenye josho la ng'ombe, kando ya ziwa. Mnyama akinywa maji hayo, anachukua umbo la kitu kilichokuwa karibu naye wakati ule, na anapoteza kitu kimoja cha kwake. Anachukua na anapoteza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuivunja hata mara moja.

Fisi alikunywa kwenye josho, karibu na lori la shamba. Macho yake yakawa taa, kifua chake kikawa injini, na akapoteza kicheko. Lakini hawezi kuwaka bila kupigwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, kwa hiyo anakaa barabarani na kuwaomba wapita njia kwa upole wamsaidie, na ukimsaidia, wewe ndiwe wa kwanza kuliwa. Heroe, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu, alikunywa ziwani Nakuru chini ya waya za simu. Shingo yake ikawa waya, akapoteza rangi, na sasa anasikia kila linalosemwa laini na kulipeleka kwa mwenye shamba. Chui aliingia mjini usiku, akanywa nyuma ya duka la fundi Mhindi, karibu na cherehani. Akapata sindano, akapoteza makucha. Huyo hararui mtu. Anakushona mdomo, anakuacha uende nyumbani ukajieleze.

Wanawake waliingia katika hadithi zile mzima mzima. Walibishana wakiwa wameinama. Mmoja, mama wa kanisa ambaye mwanzoni alisema habari za mwezi ni dhambi, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya sheria. Aliuliza: kama fisi hawezi kuwaka bila hendeli, alifikaje mpaka kule Keringet alikosemwa kuonekana? Mama mkwe alimngojesha mpaka tukafika katikati ya mstari, kisha akajibu kwamba alisukumwa na watu wa huko wakidhani ni gari la serikali. Mama wa kanisa alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alilipa mikono miwili.

Hivyo ndivyo kikapu cha mama mkwe kilivyojaa. Maua ya kwake mwenyewe hayakuwamo. Wote walijua, bila shaka, macho wanayo. Hakuna aliyesema, na kulikuwa na sharti moja tu: zimwi asiuawe kabla ya msimu kwisha, kwa sababu akifa hadithi inaisha, na hadithi ikiisha hakuna cha kulipia.

Watu hudhani kutunga ni kupumzika. Nilimwona yule mama jinsi alivyochoka. Akirudi chumbani alikaa kwenye kigoda, mikono kwenye mapaja kama vitu vya mtu mwingine aliyemwomba amshikie, na alikuwa akitafuta mnyama wa kesho. Aliniuliza mimi, "Nani hajanywa bado?" Nikimtajia kobe, ananiambia kobe alikunywa wiki iliyopita, karibu na kinu. Nilikuwa nanyonyesha, nimechuma kutwa, na bado nilitakiwa nikumbuke kobe. Nilikasirika mara nyingi. Kisha nililala na kuamka na kumtajia nungunungu.

Tatizo likawa kwamba hadithi zilikuwa nzuri mno. Nyapara wetu alianza kuja karibu. Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa koti kuukuu la mzungu, na kwa kawaida alisimama mwisho wa shamba karibu na mizani. Sasa akawa anapitapita nyuma yetu akijifanya anaangalia magugu. Asubuhi moja alimwuliza mama mkwe kama yule heroe amekwisha kufika Naivasha. Kila alipokaribia, mimi nilimwomba Mungu mama mkwe asimulie vibaya, akosee, awachoshe watu, ili yule bwana arudi kwenye mizani yake asije akaitazama leso. Lakini mama mkwe hakuwa na njia ya kusimulia vibaya na bado kulipwa.

Hakuwa mtu mbaya, yule nyapara, na hilo lilinichosha zaidi. Mtu mbaya unajua utamsema nini.

Halafu shamba likauzwa. Mzungu alikuwa anaondoka, na kikundi cha watu wetu kilikuwa kinanunua. Tulifurahi, tukaimba hata. Wanunuzi walikuja wamevaa makoti mazuri, wakatembea mistarini, na kabla ya kuondoka wakatoa agizo kwamba wanataka kujua kila mkono unaleta nini. Kuanzia siku iliyofuata kila mchumaji awe na mstari wake, mstari mmoja uachwe wazi kati yake na mwenzake, na maneno shambani yakome.

Sikuwahi kusikia shamba limenyamaza namna ile. Tulisikia vichwa vya maua vikikatika. Mama wa kanisa alikuwa mbali upande wa juu, nami niliwekwa jirani na mama mkwe, mstari mtupu ukiwa katikati yetu. Nilijaribu kumtupia maua, yakaanguka njiani, na nyapara akaniita kutoka mbali kwa sauti ya kuonya. Jua lilipokuwa limepanda, kikapu changu kilikuwa nusu. Chake kilionyesha kitako.

Nyapara akaja. Alisimama mbele yake, akaangalia kikapu, akaangalia leso.

"Leo hakuna hadithi, Mama?"

"Umekataza."

"Mimi nimeambiwa nikataze," alisema. Hakuondoka.

Mama mkwe akanyoosha mgongo. Akaanza kwa sauti ile ile ya mistarini, bila haraka. Alisema kuna mmoja ambaye hakuwa amemsimulia kwa sababu hakuwa na uhakika naye. Kulikuwa na mwanamke mchumaji aliyeshikwa na kiu. Akainama, akanywa maji ya mfereji, naye hakujua ni maji gani. Na kitu kilichokuwa karibu naye kilikuwa kikapu. Kikamwota mgongoni. Alilala nacho, akaamka nacho, akazaa nacho, na tumbo la kikapu lile halijawahi kujaa, kwa sababu jioni watu humwaga kilichomo na asubuhi kiko wazi tena.

Nyapara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sababu alijua sheria kama sisi sote, "Na alipoteza nini?"

Mama mkwe akaitoa mikono ndani ya leso, akamwonyesha.

Aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili. Baadaye aliinama, yule mwanamume mrefu, akachuma. Alichuma vibaya, pamoja na vikonyo, mpaka kiganja kikajaa, akayatia ndani ya kikapu cha mama mkwe. Alilipia hadithi. Nikadhani tumepona.

"Kesho usikuje, Mama," alisema.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwuliza, "Na chumba?"

"Chumba ni ya mwenye kikapu."

Alisema bila ukali. Nadhani alikuwa amechoka kama sisi. Alikuwa na agizo lake na watoto wake, na hapo ndipo huruma yake ilipofika mwisho, kwenye mkono mmoja wa maua.

Mama mkwe hakulia wala hakubembeleza. Alisema, "Basi apewe aliye karibu." Akavuka ule mstari mtupu, akaja kwangu. Kwa kuwa vidole havikushika, aliunyanyua ukanda wa kikapu chake kwa vifundo vya mikono miwili, akaniwekea juu ya paji la uso. Nyapara alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye mizani. Nilifurahi sana. Nataka niseme hivyo waziwazi: nilifurahi kwa sababu mtoto wangu atalala chini ya mabati, na nilikuwa nimekwisha kuchuma maua kadhaa kabla sijaelewa nimepewa nini.

Nilikaa na kikapu kile miaka mingi. Mama mkwe alibaki chumbani akimlea mtoto na kumjaza kichwa kwa fisi na heroe, mpaka alipotuacha. Shambani hadithi hazikurudi. Mama wa kanisa alijaribu siku moja, agizo lilipolegea, lakini hakuzijua vizuri na sisi tukawa tunamsahihisha, ikawa kazi juu ya kazi. Nilipoteremka Nakuru hatimaye, vidole vyangu vilikuwa vimeanza.

Jana nilimsimulia mjukuu wangu haya yote, naye aliiweka simu chini, jambo ambalo halifanyi hata wakati wa chakula. Aliwapenda fisi na chui. Kisha akauliza swali lake la siku zote, huyu wa kikapu anauawa vipi. Mimi nilikuwa nahangaika na kifungo cha sweta, ambacho siku hizi ni kazi ya asubuhi nzima.

Nikamwambia huyo hauawi. Anachoka tu, na akichoka anampa aliye karibu.

Akakitazama kile kifungo, akavitazama vidole vyangu. Kisha akasogea kidogo, mpaka mwisho wa kochi.