Taratibu na Vipimo vya Marehemu

"Dada, samahani, hivi fundi wetu amekufa au ametukimbia?"

Aliniuliza hivyo kinyozi, jirani wa kibanda cha mdogo wangu, siku ya kumi na mbili tangu kibanda kifungwe. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mashine mkononi, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa ametoa shingo nje naye asikie.

"Yu hai, baba," nilimjibu. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuendelea kuuliza, maana kuwa hai na kuwa mzima ni mambo mawili.

Mdogo wangu ni fundi simu. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, nami nilimbeba mgongoni, na mpaka leo anaishi chumba cha uani kwangu. Watu humwita Taratibu. Mteja akimwambia, "Fundi, nina haraka," yeye humjibu, "Basi nenda na haraka yako, simu niachie." Kibanda chenyewe kina upana wa godoro la mtu mmoja: meza ya kioo, taa ya kuinamisha, bisibisi zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, chupa ya spiriti na mswaki mkuukuu wa kusugulia kutu. Ukutani aliandika kwa mkono wake: SIFUTI SIMU BILA KUMUULIZA MWENYEWE. Alikuwa akisema mwenyewe ni mwenyewe, siyo aliyetumwa. Kwa miaka kumi na saba sikusikia amekiuka hilo.

Zile simu kubwa zinazotangazwa kila mwaka, mtaani kwetu hakuna anayezinunua. Lakini zikitangazwa tu, zinatufikia. Simu hushuka kama nguo za watoto. Bosi akipata mpya, ya zamani humwachia karani, ya karani inakwenda kwa mkewe au mama yake, ya mama inakwenda kwa mjukuu. Kwa hiyo wiki ile ya tangazo ndiyo wiki ya mdogo wangu kukosa hata nafasi ya kula, anahamisha picha na namba kutoka simu hii kwenda ile, kisha anaifuta iliyobaki ili mrithi aipate tupu.

Mwaka huu siku ya tangazo nilimpelekea chakula, nikakuta watu wamejazana mezani pake wanatazama kioo kimoja. Kinyozi ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Rangi gani hiyo? Mbona kama tangi la maji?"

"Sikiliza, wanasema kamera yake inaona mpaka mashimo ya mwezini," alisema dereva wa lori.

"Mwezini una shemeji?"

"Wewe cheka. Mwaka juzi waliondoa tundu la waya wa masikioni, ukacheka. Mwaka jana wakaondoa chaja kwenye boksi, ukacheka. Mwaka kesho watakuuzia boksi."

"Na wewe utapanga foleni!"

"Fundi, hii nayo inafunguka?"

Mdogo wangu hakuinua kichwa. "Imegandishwa kwa gundi pande zote. Ukibadilisha kioo, yenyewe inakataa, inasema hicho siyo chake."

"Kama mama mkwe wangu!" alisema kinyozi, wakaangua kicheko. Mdogo wangu naye alicheka. Namtaja hapa akicheka, kwa sababu ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Katikati ya makelele yale alikuja karani mmoja na simu tatu kwenye bahasha. Ya bosi wake, aliyoachiwa. Ya kwake, inayokwenda kwa mama yake. Na ya mama yake, inayokwenda kwa binti mdogo wa karani. Mama huyo tunamjua wote, ni fundi cherehani wa kona ya pili, mjane wa mwaka wa tatu sasa.

Mdogo wangu alihamisha namba, akahamisha picha za vitambaa. Kisha akakuta sauti. Zilikuwa nyingi, mia na zaidi, hazina majina.

"Hizi nazo?" aliuliza.

"Aa, vipimo hivyo. Baba alikuwa anapima wateja, anavisemea kwenye simu, mama anasikiliza huku anakata. Hao watu wenyewe wameshanenepa. Futa tu, fundi."

"Mama anajua?"

"Mama hana neno. Nina haraka, fundi, bosi ananisubiri."

Nilikuwa nimesimama pale pale na bakuli mikononi. Nilisikia. Nami sikusema kitu, Mungu anisamehe, niliona ni mambo ya simu. Watu walikuwa wanabishana kuhusu betri, wengine watano wameshika simu zao wananyoosha mikono, na mdogo wangu, ambaye hajawahi kuharakishwa na mtu, akabonyeza.

Siku ya tatu mama yule alikuja mwenyewe. Alikuwa ameifunga ile simu kwenye leso, kubwa, inang'aa, hajui hata kuishika. Akaiweka kwenye meza ya kioo kwa adabu.

"Mwanangu, simu nzuri, nashukuru. Ila nimetafuta asubuhi yote. Baba yao yuko wapi humu?"

Mdogo wangu alinieleza kwamba mwanzo hakuelewa. Mama akamfafanulia. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, hufungua sauti moja. Yoyote. "Bega kumi na sita, kiuno thelathini na nne, huyu ndiye yule mama wa maringo, mwongezee inchi moja asitusumbue." Anacheka, kisha anaanza kazi. Marehemu hakuacha barua, hakuacha neno lolote la kuaga. Aliacha vipimo.

Hapo mdogo wangu alipaswa kusema kweli. Badala yake alisema, "Nipe siku tatu, mama, nitamtafuta."

Alijua hakuna cha kutafuta. Alinieleza kwamba simu za siku hizi ukishazifuta ni sawa na kuchoma karatasi na kupeperusha majivu. Hata hivyo alikwenda kumuomba karani ile simu ya zamani ya mama, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Haikuwa na kitu. Siku ya nne tangu ahadi ile alifunga kibanda.

Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mdogo wangu alichutama siku ishirini na mbili. Analala ameelekea ukuta, sahani naikuta kama nilivyoiacha. Nilimsomea maneno ya Mungu, hakukataa, hakuitika. Siku moja tu aliniambia, "Dada, yule mtu nimemzika mara ya pili, na safari hii mkewe hajaambiwa kuna msiba."

Na mama hakuacha kuja. Alipokuta kibanda kimefungwa aliuliza kwangu, akawa anakuja kila Jumatano jioni, anakaa kwenye kizingiti, hataki kusumbua. "Mwambie asijiumize. Kazi ya namna hiyo inataka utulivu, ndiyo maana nikampenda yeye." Mimi naitikia ndiyo, mama. Nimeahidi mbele za Mungu kusema kweli tangu ujana wangu, na Jumatano tatu nimemtazama mjane machoni nikasema ndiyo, mama.

Jana alikuja na kifurushi. Alikuwa amemshonea mdogo wangu koti la kazi, la buluu nzito, lina mfuko mrefu wa bisibisi na mwingine wa miwani.

"Ni shukrani," alisema. "Mikono nimekisia. Baba yao alishampima zamani, ila kifua tu ndicho ninachokumbuka. Akishampata, nitasikiliza niirekebishe."

Nilimpelekea mdogo wangu koti uani. Nilirudia maneno ya mama kama yalivyo. Akaketi. Akalivaa lile koti juu ya fulana aliyolalia. Kifua kilimkaa sawasawa. Mikono ilimzidi, ikafunika vidole vyote, akawa kama mtoto aliyevaa nguo ya baba yake. Akaitazama mikono ile muda mrefu. Hakuikunja.

Kisha akatafuta viatu vyake chini ya kitanda kwa mguu, akakosa kimoja, nikamsogezea. Akasema:

"Dada, twende wote kwake sasa hivi. Nikishindwa kusema, usiseme wewe. Nisubiri tu mpaka niseme."