Tope la Kigari cha Farasi

Dereva mstaafu, ambaye mtaa mzima bado ulimwita Babu Lori, alikuwa na jambo moja lililomtoa kitandani kila asubuhi: kuunda na kupaka rangi vigari vya farasi vya michezo ya vita inayochezwa mezani, vidogo vya kuenea kiganjani. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Alijiapiza kwamba kigari alichokuwa akikimalizia siku hiyo kikiharibika, brashi anazitupa.

Magurudumu yalikaa vizuri, na farasi wawili wakasimama. Mlango mweusi uling'aa kama kiatu kipya. Zilibaki kwato tu, za kupakwa kahawia. Mkono ukaruka, matone yakatapakaa mlangoni.

"Basi," alisema, akaweka brashi chini. "Mkono umeniasi."

Mkewe, aliyeketi kando yake, aliinama, miwani puani. "Mzee wangu, gari hili limetoka wapi?"

"Usinitanie, mama."

"Sikutanii. Siku zote unaunda magari ya bwana harusi. Leo ndiyo kwanza naona gari lililosafiri."

Babu Lori alitazama tena. Kweli, yale matone yalifanana na tope. Ila yalikosea njia, maana tope halianzii mlangoni. Hurushwa na gurudumu, likapanda kwa nyuma. Nani wa kumfundisha hilo, yeye aliyekwama matopeni nusu ya maisha yake?

"Nipe brashi," alisema. "Kama ni tope, liwe tope la kweli."

Mkewe alimsogezea kopo la kahawia, kisha akarudisha kiti nyuma kuokoa gauni lake.