Mshambuliaji Niliyemrudisha Nyuma

Je, ukimbakiza mtu kikosini kwa kumwondoa pale alipong'aa, umemwokoa au umemnyang'anya? Nimejiuliza hivyo tangu msimu uliopita hadi leo.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo hapa Johannesburg, timu inayolipa wachezaji wake. Kazi yangu ni kupanga kikosi. Katika mchezo wetu washambuliaji huingia na kutoka bila kikomo: hukimbia dakika chache, hupumzika, hurudi. Kwa hewa nyepesi ya mji huu ulio juu sana kutoka usawa wa bahari hakuna namna nyingine, kwa hiyo tulikuwa tumesajili washambuliaji wa kujaza benchi zima. Mabeki, ambao hupumzika kwa nadra, tulikuwa nao wachache mno. Kila aliyekuja majaribio alitaka kufunga, nasi tulikaa pembeni tukishangilia mabao. Kisha beki wetu wa kushoto akaumia goti, na uongozi ukaamua kwamba mshambuliaji mmoja aondoke, asajiliwe beki. Wakamtaja mkongwe wa washambuliaji.

Mkongwe huyo ni Mkenya mwenzangu. Nilipofika hapa na shahada isiyonipatia kazi, nikipanga chumba mtaa wa La Rochelle, ndiye aliyenikuta kanisani nikitetemeka kwa baridi ya Julai. Alinivika koti lake ibada ikiendelea. Jumamosi iliyofuata akanipeleka uwanjani, akamwambia kocha kwamba nilicheza chuo kikuu. Hakuniuliza kama nilicheza vizuri. Nimepata kazi nzuri tangu siku hizo, lakini koti lile nalishukuru kuliko zote.

Niliuomba uongozi unipe hadi kesho yake, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo moja. Tunapopigiwa kona ya adhabu, wanne na kipa hujipanga kwenye mstari wa goli, na mmoja wao hutoka mbio kuukabili mpira unaopigwa kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya beki. Mazoezini, mkongwe wetu alikuwa akijitolea kuifanya kwa mzaha tu, na mara nyingi alimfikia mpigaji kabla ya pigo. Alijua mpigaji anawaza nini, maana yeye mwenyewe amewaza hivyo maisha yake yote.

Jioni nilimwita kwangu, nikampikia chai ya tangawizi na mandazi, nikamweleza kila kitu.

"Beki?" Aliweka kikombe chini. "Eish, dada. Nyuma ndiko mnakoweka wazee siku hizi?"

"Wazee tumewaweka kwenye uongozi."

Alicheka. "Na nikikataa?"

"Watasajili mwingine, nawe utatoka."

"Mama huniuliza jambo moja tu kwenye simu: umefunga mangapi? Sasa nitamwambia nini? Nimezuia?"

Nilimwongezea chai. Nilimwambia tu kwamba akija asubuhi nitampanga nyuma, na kwamba wakubwa nitapambana nao mimi. Hakusema ndiyo wala hapana. Alifunga mandazi yaliyobaki kwenye karatasi, akaondoka nayo, na hilo lilinipa matumaini kidogo.

Asubuhi nilifika uwanjani mapema, nikawaambia viongozi kwamba beki tumempata na hatusajili mtu. Walinitazama kwa mashaka. Nilikuwa na mashaka pia, maana mwenyewe alikuwa hajafika.

Alifika wenzake wakifunga viatu. Nilikuwa nikigawa fulana za mazoezi, nyekundu kwa washambuliaji, njano kwa mabeki. Alipofika mbele yangu alinyoosha mkono kwenye nyekundu, kwa mazoea au kwa kunichokoza, sikujua. Nilimpa ya njano. Akaivaa, akachukua barakoa ya kukinga uso wakati wa kona ya adhabu, akaenda kusimama kwenye mstari wa goli.