Kiti Kilichokwenda kwa Mkunga

Mjomba wangu hushona makochi chumba cha mbele, na mlango haufungwi, mvua inyeshe, jua liwake. Hata usiku. Na mtu mwenyewe anaogopa wezi kuliko mtaa mzima! Nilijiuliza sana.

Bibi, mama yake, alinieleza tukichambua pamba.

"Baba yake wa kambo alikuwa akimfungia stoo. Mimi niko kazini. Nikirudi naambiwa mtoto amelala."

"Ulijuaje?"

"Niliona kucha zimeng'oka." Akaendelea kuchambua.

Unga, ule wa kulevya, aliuanzia karakana aliyojifunzia ufundi. Nilimuuliza mjomba una raha gani. Akatema misumari kiganjani kwanza.

"Raha hakuna, mpwa wangu. Siku ile ya kwanza nililala mpaka kukakucha. Basi. Nilikuwa sijawahi."

Aliyekuwa akimpa ni muuza sponji za viti, mtaa unamwita Bwana Sponji. Mpole huyo! Bibi lazima apewe shikamoo. Kila asubuhi alileta kipakiti cha mjomba, kisha akaanza kuleta viti vilivyojazwa vipakiti tumboni. Mjomba kazi yake avishe kitambaa, anyamaze. Alipokataa, alinyimwa unga mpaka akatambaa sakafuni. Ndipo Bwana Sponji akamwambia taratibu, "Mama hupita peke yake njia ya sokoni, eh? Magari mengi pale."

Mjomba akashona.

Sasa, fundi wa makochi hatupi kitambaa. Kilichobaki kwenye kiti cha mteja mmoja hukivisha cha mwingine. Mjomba alivisha kiti cha mkunga wa mtaani kwetu, kitambaa kilichobaki akakivisha kiti cha Bwana Sponji. Vikawa pacha. Mwenye mkokoteni alipokuja kuchukua cha mkunga, akabeba kilichokuwa karibu.

Bwana Sponji alipofika asubuhi kufuata chake, alikikalia kilichobaki, akainuka bila kutoa kipakiti cha siku.

"Fundi, hiki laini, si changu. Narudi jioni. Kisipokuwepo, mama atakuja kukaa kwangu mpaka kipatikane."

Mjomba alitoka mbio, nami nyuma. Tulimkuta mkunga kakikalia, uso umekunjamana.

"Fundi! Nimezalisha usiku kucha, nakaa nipumzike, kiti kinanipiga ngumi za makalio!"

Mimi nilikaribia kucheka. Mjomba alipiga magoti kama anayekikagua, akashindwa kuinuka. Jasho linamtiririka, meno yanagongana. Mkunga akamshika kidevu, akamtazama macho.

"Arosto hii. Umekosa unga tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Kilichomo kwenye kiti usiniambie. Kichukue. Ila kesho njoo kituo cha afya. Kuna dawa ya kunywa mbele ya muuguzi kila siku, inaondoa hiyo homa. Ukishaizoea, huyo anayekupa atakushikia nini?"

"Ana mama yangu."

"Mama yako atahamia kwangu. Nina chumba. Nini kingine?"

Nilimwona mjomba akitafuta kingine. Kisha tukakibeba kiti.

Jioni Bwana Sponji alipata kiti chake, akaweka kile kipakiti cha asubuhi juu ya cherehani.

"Ondoka nacho," mjomba akasema. "Sishoni tena."

"Asubuhi utanitafuta mwenyewe, fundi. Kwangu unapajua." Akaaga vizuri, kipakiti akakiacha.

Usingizi ulinipaa. Nilitaka kujua tu: kitakuwepo? Asubuhi kilikuwepo, hakijafunguliwa, ila kilikuwa kimehamia dirishani. Mjomba alikuwa amejikunja pembeni, amelowa jasho. Bibi akakichukua, akakimwaga chooni. Mjomba alimtazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona, kisha akavaa viatu.

Tulimfuata. Kwenye kona, kulia ni ghala la sponji, kushoto kituo cha afya. Alisimama pale, ameshika nguzo, akatapika. Kijana wa Bwana Sponji alikuwa ng'ambo juu ya pikipiki, anatusubiri.

"Mama," mjomba akasema, "miguu inataka kulia."

"Naiona. Isemeshe."

Nilidhani anamtania. Mjomba naye alicheka, kicheko kibovu, akaachia nguzo, akaenda kushoto. Pikipiki ikawaka, ikatufuata polepole. Bibi alimwambia asigeuke. Mimi niligeuka. Kijana alikuja nasi mpaka getini, akatukodolea macho, akabaki nje.

Dirisha la dawa lilikuwa bado halijafunguliwa. Watu wamejipanga ukutani, wengine wamejikunja kama yeye. Mjomba akawapitia kwa macho.

"Wa mwisho hapa nani?"

"Mimi," akajibu mzee mmoja, akasogea kumpa nafasi.