Fundi wa Toi na ndege ambaye hajampita kwa miaka ishirini

Saa mbili na robo asubuhi, na Joan Mideva yuko kazini huku amefumba macho.

Hajasinzia. Mikononi ameshika pedi ya gemu, na vidole gumba vyake vinapita juu ya vitufe kimoja baada ya kingine. Juu. Chini. Kulia. Kushoto anarudia mara tatu, anakunja uso, anafumbua macho na kuchukua bisibisi.

"Hapa kuna kitu," anasema. "Macho yanaweza kukudanganya. Kidole hakidanganyi."

Anaifungua. Ndani mna makombo ya krispi, unywele mmoja na kipande cha ukucha. Anavipuliza nje, anasugua kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, kisha analehemu waya uliokatika. Dakika kumi baadaye pedi inarudi kwenye mfuko wake wa plastiki, na nyingine inatolewa.

Kibanda chake, chenye upana wa kitanda, kiko ukingoni mwa Soko la Toi, kati ya muuza viatu vya mitumba na mshonaji wa mapazia. Ubao wa juu umeandikwa PEDI ZA GEMU. Maneno mawili ya mwisho ni ya rangi tofauti kwa sababu yaliongezwa baadaye, siku wanawake wawili waliposimama pale na kumuuliza pakiti moja ni pesa ngapi.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema.

Mideva ana miaka 33 na anaishi Makina, Kibera, mwendo wa dakika tano kutoka kibandani. Pedi moja anaitengeneza kwa shilingi 200. Shule zikifungwa anaweza kutengeneza kumi na tano kwa siku. Shule zikifunguliwa anashukuru akipata nne, kwa kuwa vijana wengi siku hizi wanachezea kwenye simu.

Ila kuna aina nyingine ya wateja, na hao hawaangalii likizo. Ni watu wazima wa miaka thelathini na kitu, wengine wamevaa tai. Wanainunua sokoni mashine ya zamani, ile ya utotoni, wanaitafuta gemu waliyoipenda, na baada ya wiki moja wanamletea Mideva vyote.

"Wananiambia imeharibika," anasema. "Nafungua, naangalia kila mahali. Hakuna kilichoharibika. Mmoja aliniambia, 'Fundi, hii gemu ilikuwa kubwa. Ule msitu ulikuwa hauishi. Sasa nimeumaliza nikingoja chai ichemke.' Nitamtengenezea nini huyo? Anataka kucheza mara ya kwanza tena, na hiyo sehemu haiuzwi hapa Toi."

Anatabasamu, halafu anainamia kazi yake. Ugonjwa huo anaujua. Na yeye anao.

Kwenye rafu nyuma ya kichwa chake kuna mashine nyeusi iliyofunikwa kwa leso ya maua. Ilishapona tangu wiki iliyopita. Ni ya Whitney, mhasibu kijana anayeishi Nyayo Highrise, ambaye alimletea pamoja na gemu moja kwenye kasha lake. Whitney atakuja kuichukua Jumapili, kwa kuwa anahamia Kisumu.

Picha iliyo kwenye kasha ndiyo inayomnyima Mideva amani. Ni mzee mwenye taa mkononi na gunia mgongoni, amesimama kwenye daraja la mbao juu ya kinamasi. Mbele yake kuna ndege, korongo mrefu kama nyumba.

"Nilipomwona huyo mzee, nilishikilia meza," anasema. "Nilisema, Mjomba, umetoka wapi?"

Ili kumjua Mjomba ni lazima turudi Kawangware, mwaka wa 2004. Mideva alikuwa na miaka kumi na miwili. Mamake, aliyetoka Vihiga, alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu Lavington. Kila Jumamosi alimwacha bintiye kwa jirani, mwanamume aliyeitwa Makau, ambaye alikuwa na chumba cha mabati, televisheni mbili na mashine mbili za gemu. Dakika kumi zilikuwa shilingi tano. Baadaye mamake alipougua na kulazwa wiki sita, Mideva alishinda hapo kila siku baada ya shule.

Mlangoni alikaa mke wa Makau, Ndunge, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Mutanu. Alikuwa akipika chapati kwa jiko la makaa.

Diski aliyoileta Makau haikuwa na kasha, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hakuna mtu Kawangware aliyeweza kusoma hata jina. Makau alichukua kalamu ya wino mzito akaandika juu yake MJOMBA, na likawa hilo.

"Watoto tulikuwa tunauliza, huyu mzee anatafuta nini? Anasema nini? Na Mama Mutanu akiwa pale pale kwa jiko anatujibu," anakumbuka Mideva. "Anasema, huyo anatafuta msichana wa dadake aliyepotelea kwa maji. Hizo taa anaziwasha ndio msichana aone njia. Tuliamini kila neno. Kiganja kilikuwa kinatoka jasho mpaka pedi inateleza."

Kisha wakafika kwenye daraja, na ndege amesimama katikati.

Mideva anasema ilikuwa wazi kwamba mchezaji anatakiwa kumpiga. Hakukuwa na njia nyingine. Lakini Mama Mutanu alisema kutoka mlangoni: "Huyo ndege msimguse. Huyo ni mama wa huyo msichana. Amegeuzwa tu. Mngojeni, atarudi kuwa mtu."

Basi wakangoja. Kwa karibu miaka miwili watoto wa Kawangware walilipa shilingi tano, wakatembea hadi darajani, wakasimama mbele ya ndege, wakageuka kurudi kuwasha taa kwenye kinamasi. Hakuna aliyevuka.

Siku moja tu kuna aliyejaribu, naye ndiye huyu anayeingia kibandani saa saba mchana akiwa na vumbi la saruji hadi kwenye kope. Ni Wekulo, mwashi wa Riruta, rafiki wa Mideva tangu enzi hizo.

"Niaje, fundi. Bado unaogopa yule kuku?"

"Nyamaza, muuaji."

"Miaka ishirini bado mimi ni muuaji! Hata korti husamehe."

"Korti haikukuona vile ulimpiga."

Wekulo alimpiga ndege mara tatu. Ndege akainama, kichwa kikashuka hadi kwenye mbao, na muziki ukabadilika. Kabla ya kitu kingine kutokea, Mideva alirukia ukutani akachomoa waya wa umeme. Mama Mutanu alimnyima Wekulo chapati wiki nzima, hata alipokuja na pesa.

"Nilikuwa na pesa mkononi!" analalamika Wekulo. "Ananiangalia hivi, ananiambia zimeisha, na chapati naziona!"

Mwaka uliofuata Makau aliuza televisheni zake na kufunga chumba. Diski ilipotea. Mideva aliacha shule, akauza mboga, akajifunza kulehemu kwa fundi wa redio, na akiwa na miaka 26 akamaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa.

Ndiyo maana diski ya Whitney inamsumbua. Imeandikwa Kiingereza, na Mideva sasa anasoma Kiingereza vizuri. Alipoijaribu mashine baada ya kuitengeneza, maneno ya kwanza yalitokea kwenye skrini, naye akayafunika kwa leso.

"Fikiria," anasema, sauti ikishuka. "Kila mtu anatamani kusahau gemu yake ili aicheze upya. Mimi sihitaji kusahau. Hii yangu sijawahi kuijua. Mara ya kwanza bado iko pale, nzima, haijaguswa. Lakini nikisoma vile Mjomba anasema kweli kweli, basi Mjomba wa Mama Mutanu amekufa. Na huyo ndiye nampenda."

"Kwa hivyo utafanya nini?" anauliza Wekulo. "Jumapili imebaki siku tatu tu."

"Nitamuuliza mwenyewe."

Alasiri hiyo hiyo, Alhamisi, Mama Mutanu anapatikana Kawangware, mita chache tu kutoka mahali pale pale. Chumba cha Makau sasa ni cha kinyozi. Makau alirudi Kitui kulima, lakini mkewe alikataa kuacha wateja wake. Ana miaka 61, na chapati zake sasa huuzwa na maharagwe.

"Sasa, Mama," anasema Mideva.

"Mideva wangu! Umekonda. Huko Kibera hamli?"

Mideva anatoa kasha mkobani na kumwonyesha picha. Mama Mutanu analigeuza, analiweka mbali kidogo na macho, analirudisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Mama! Ni Mjomba!"

"Huyu ndiye Mjomba?" Mama Mutanu anacheka mpaka anashika kiuno. "Woi! Mimi nilidhani ni kijana!"

Mideva anamtazama bila kuelewa. Mama Mutanu anafuta macho kwa ncha ya leso, halafu anaeleza polepole, kama mtu anayekiri kosa ambalo hakujua ni kosa.

"Mtoto wangu, mimi hiyo TV sikuwahi kuiona. Jiko lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeipa mgongo. Nikigeuka hivi kuchukua unga, naona nyinyi tu, mmejipanga kwa benchi. Nilikuwa naangalia nyuso. Mkitoa macho, nasema kuna hatari. Mkinyamaza, nasema anatafuta mtu. Mimi nilikuwa nasoma nyinyi."

"Na ndege? Mbona ulisema ndege ni mama?"

Mama Mutanu anainamia jiko. Anageuza chapati, anaibonyeza kingo kwa kitambaa.

"Hiyo siku mlipiga kelele, ndege, ndege, lazima tumuue. Nikageuka. Wote walikuwa wanacheka, wewe ulikuwa unaangalia mlango. Mama yako alikuwa na wiki ya tatu hospitalini na hakuna mtu alikuwa anakuambia kitu. Nikafikiria, huyu akiambiwa huyo ndege ni mama na atarudi, atangoja. Hatalia."

Mideva anakaa kwenye kiti cha wateja. Mamake alirudi baada ya wiki sita, na leo yuko Vihiga anafuga kuku.  Mideva anachukua chapati aliyopewa, anaikunja mara nne, anaishikilia bila kuila.

"Sasa nisome au nisisome?" anauliza hatimaye.

"Soma. Kwani uliendea nini shule usiku? Hadithi yangu ilifanya kazi yake, ikamaliza." Mama Mutanu analitazama tena kasha, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Lakini huyu ndege, kweli ni mkubwa namna hii?"

"Ni mkubwa kuliko hapo."

"Na anasonga?"

Hapo ndipo mpango ulipozaliwa, na Mideva anausimulia akiwa tayari amesimama.

Jumamosi saa nane mchana ataileta mashine Kawangware. Whitney anampa ruhusa kwa simu papo hapo, kwa sharti kwamba Jumapili aikute Toi. Wekulo atabeba televisheni kutoka Riruta begani, na pia ndiye atakayesoma Kiingereza kwa sauti na kukifasiri, kama adhabu yake ya mwisho. Pedi itakuwa ya Mama Mutanu. Mideva ataiandaa moja, ataisugua mpaka ing'ae na kubadilisha mipira ya vitufe iwe laini kwa vidole ambavyo havijawahi kuvibonyeza.

"Na wewe utakaa wapi?" anauliza Mama Mutanu.

"Kwa jiko. Nitaipa TV mgongo, nipike chapati."

"Zitaungua. Wewe hujui chapati."

"Ziungue. Nataka kukuangalia uso."

Mama Mutanu anatikisa kichwa, lakini vidole gumba vyake vimeanza kusogea juu ya kasha, taratibu, kana kwamba tayari kuna kitufe hapo. Anauliza itakuwaje akifika darajani.

"Utaamua mwenyewe," anasema Mideva. "Mpige, mngoje, vile utaona. Safari hii sichomoi waya."