Sashe Tisa, na Tatu Nisizozijua

Mume wangu alirudi shule akiwa na mvi pembeni ya masikio. Miaka mingi alikuwa karani wa komptwari, nyumba wanakonunua mawe ya madini, akiandika uzito wa magunia ya watu wengine. Halafu kampuni moja ikamwambia: leta mastere, shahada ya pili, ya jeolojia ya madini, tutakupa kazi ya kutafuta mawe mlimani. Lakini iwe sesheni hii, msimu huu huu wa mitihani. Akajiandikisha pamoja na vijana wanaoweza kuwa watoto wetu. Walimwita Muzee. Mimi sikusikia ubaya ndani yake, yeye alisema upo.

Mimi niliishia mwaka wa sita wa primeri. Kama nimekosea hapa mambo ya shule yake, kosa ni langu, si lake.

Nilichojua ni kutwanga. Kabla ya kuolewa nilifanya miaka saba kwenye kariyeri, machimbo ya mawe, upande wa Masisi, pamoja na wanawake wengine. Jiwe la kasiteriti, lile lenye madini ya bati, unalitwanga, unaliosha kwenye karai, mchanga mwepesi unakwenda na maji, kile kizito cheusi kinabaki chini. Ukipeleka mzigo mchafu komptwari, wanakurudisha mbele ya watu wote. Aibu hiyo ilinipata mara mbili.

Basi aliporudi kutoka kilima cha memwari yake, ule utafiti wa kumaliza shule, na sashe ishirini na nne, vifuko vya mawe ya kupimwa, mashine ya shule ya kusaga ilikuwa imekufa.

"Mama, unisaidie kutwanga," akaniambia. "Ikuwe unga tu. Kiisha nitapeleka ku labo."

Alisema unga tu. Nilisikia. Sitaki mtu afikiri hakunieleza.

Nilikaa uani kwetu, mtaa wa Ndosho, kati ya mawe meusi ya volkano, nikatwanga tangu asubuhi. Mama mmoja jirani, tuliyekuwa naye kariyeri zamani, akapita na bidon ya maji mgongoni, akasimama.

"Ni nini hii? Weye ndiye utapeleka muzigo muchafu hivi?"

"Ni ya shule ya papa watoto."

"Basi ni mubaya zaidi! Bale baprofesa batacheka: muzee iko na bibi wa kariyeri, na ata kuosha hajui!"

Tukacheka sote wawili. Alisema kwa mchezo. Mkono uliochukua karai ni wangu.

Niliosha. Maji kwetu ni ya kununua, vijana wanayasukuma kwa chukudu, zile baiskeli za mbao, mpaka mlangoni. Siku ile nilimwaga bidon mbili nzima, nikijiona mke mwema. Maji yalipokwisha nikaacha. Unga nikaukausha juu ya bati, kila mmoja nikaurudisha ndani ya sashe yake, nikafunga. Sikumwambia kitu. Nilitaka washangae wenyewe jinsi kazi ilivyo safi.

Wakashangaa kweli. Matokeo ya labo, yaani maabara, yalipofika, aliingia nyumbani ameshika karatasi juu ya kichwa.

"Mama watoto! Kile kilima kiko na madini kuliko vile tulifikiri!"

Akachukua ramani yake, akapaka rangi nyekundu sehemu ambayo kwanza aliiacha nyeupe. Akapigia kampuni simu. Nilimsikia akicheka kwenye simu na mtu mkubwa wa huko, na nikafurahi.

Siku mbili baadaye tulikuwa mezani. Binti yetu wa mwisho akamuuliza baba yake labo wanafanya nini na mawe. Akamvutia sahani ya mahindi na maharagi.

"Uko naona? Jiwe ni hii sahani. Maharagi ni madini, mahindi ni jiwe la bure. Labo inatafuta: ku sahani nzima, maharagi ni ngapi. Sasa kama mutu anatoa mahindi mbele ya kupima, labo itasema sahani yote ni maharagi. Ni bongo, ni uwongo."

"Na ile mutu, banamufanya nini?"

"Banamufukuza. Ata diploma banamunyanganya."

Kijiko kilibaki mkononi mwangu. Nikasema ni malaria inaanza, nikaenda kulala.

Siku sita nilikaa na siri hiyo. Haki ni haki: mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono, hofu yangu haikuwa ya hiyo. Niliogopa wamwite mwongo mbele ya wale vijana. Zaidi niliogopa ile rangi nyekundu ya ramani. Ninajua watu wakisikia kilima kina kitu wanafanya nini: wanachimba shimo la kuingia mtu mmoja, wanashuka, na si wote wanatoka. Na tena niliwaza: mimi nani wa kujua? Labda kuosha kidogo hakubadilishi kitu. Labda labo wana hesabu ya kurekebisha. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi sikujiamini.

Nilimwambia siku ya Mungu, tumetoka misa, watoto wametangulia. Alisimama njiani. Pikipiki zikatupigia honi, hakusogea.

"Uliosha."

"Niliosha."

"Zote?"

"Hapana. Maji iliisha."

"Ngapi?"

Hapo ndipo nilipoona kosa lina mtoto wake. Tisa nilizikumbuka vizuri, moja moja, hata rangi ya jiwe. Lakini kulikuwa na tatu ambazo nilizitwanga wakati jirani anaongea. Kama nilizipitisha kwenye maji au hapana, sijui. Mpaka leo sijui.

Asubuhi yake alinipeleka kwa profesa wake. Angeweza kwenda peke yake na kutengeneza maneno. Alisema hapana, mwenye kutwanga ndiye ashuhudie. Profesa ni kijana kumpita mume wangu. Alinipa kiti, akaniita mama, hakunidharau hata kidogo. Alisema sashe zilizooshwa zinatoka kwenye memwari. Kama kumi na tano zisizooshwa zinabaki, Muzee anatetea kazi yake mbele ya walimu sesheni hii. Chini ya hapo, anangoja sesheni nyingine.

Sikusoma sana, lakini ishirini na nne toa tisa niliweza.

"Mama, fikiri muzuri," profesa akasema. "Ulisafisha ngapi?"

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakunikonyeza, hakukohoa. Kama angekohoa tu ningesema tisa, na nakiri hilo. 

"Tisa nina hakika," nikasema. "Na tatu sijui."

"Hujui ndiyo kusema labda hapana?"

"Ndiyo kusema sijui, profesa."

Akachukua kalamu, akakata kumi na mbili.

Njiani kurudi mume wangu aliuliza neno moja tu: "Zile tatu, kweli?" Nikasema kweli. Akasema "Bon," yaani haya, akatembea mbele yangu. Aliniambia aliipigia kampuni, akaeleza kosa na kwamba atangoja sesheni nyingine, wakamjibu kwamba watatazama. Wengine wanasema ni namna yao ya kukataa, lakini mimi sikuwepo kwenye simu, siwezi kuwahukumu.

Wiki iliyofuata alirudi kilimani kuchukua mawe mengine. Njia ile haijatulia, haina usalama. Watu wanaipita kwa sababu hawana nyingine. Siku nne simu yake haikupatikana. Ukweli wangu ndio uliompeleka, na siku hizo nne niliujutia, niandike wazi. Nilisali asikutwe na kitu kwa ajili ya sentensi yangu moja.

Siku ya tano alifika, vumbi mpaka kwenye nyusi, sashe kumi na mbili begani. Alikula. Kisha akakaa uani, akavuta kinu, akaanza kutwanga mwenyewe.

Alitwanga vibaya. Alipiga kwa bega badala ya kiwiko, na kila pigo unga uliruka nje na kupotea. Nilisimama mlangoni. Niliogopa kuliko mbele ya profesa, maana mimi, wa kwanza kuharibu, ndimi ningemfundisha. Lakini unga unaoruka nao ni sehemu ya ile sahani nzima ya kupimwa.

"Papa," nikasema, "hiyo inapotea. Inafaa kufunika kinu."

Aliacha mchi juu, akaniangalia.

"Basi funika weye."

Nilivua kitenge cha bega, nikachutama, nikakishika kuzunguka mdomo wa kinu kwa mikono miwili.  Akasema nishike vizuri, akapiga.