Dada Hakubonyeza "Cheza Tena"

Dada yangu ni msusi. Ana saluni ya viti viwili chini ya jengo la ghorofa, kati ya duka la vioo na ofisi ya mpiga chapa. Mimi napaka rangi kucha kwenye meza ya dirishani, kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona kwa macho yangu.

Sataranji alifundishwa na shemeji, mumewe. Miezi mitatu ikapita, shemeji akawa hamwezi tena, akasema siku hizi ana kazi nyingi. Basi dada akahamia mtandaoni, akicheza kwenye simu na watu asiowajua, dakika kumi kumi, kila anapopata upenyo kati ya mteja na mteja. Alikuwa hodari, usione hivi. Pointi zake zilipanda mpaka elfu moja mia nne na themanini, akaapa atafika elfu moja na mia tano.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Akifungwa, damu inamchemka. Kabla hajavuta pumzi ameshabonyeza "Cheza tena", akafungwa, akabonyeza tena. Ndani ya wiki moja alishuka pointi karibu mia tatu. Na kwa kuwa mpinzani yuko mbali, hasira zote ziliishia kwenye vidole. Wateja waligundua kabla yake. Walichungulia mlangoni, wakaninong'oneza, "Leo ameshinda au amefungwa?" Nikisema amefungwa, ghafla wanakumbuka wameacha sufuria jikoni.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole sana, hakujua kuuliza. Siku hiyo dada alikuwa amefungwa mara nne mfululizo. Alimsuka mistari midogo midogo, kimya, meno ameyauma. Mwalimu alishukuru akaondoka, nyusi zimevutwa juu kama mtu aliyeshtuliwa.

Kesho yake akarudi na kitambaa kichwani. Paji la uso lilikuwa limetoka vipele.

"Mwanangu, sikulala," alisema. "Nifumue tu."

"Mama, nisamehe. Mbona hukuniambia nakuumiza?"

"Nilidhani una msiba. Nikaona haya kukusumbua."

Dada alifumua kwa saa mbili bila kuinua uso. Mwalimu alipoondoka, alijitupa kwenye kiti cha wateja.

"Msiba!" akasema. "Msiba wa farasi na malkia! Jamani, mimi!"

Nikamwambia afute huo mchezo. Akanikata jicho.

"Mchezo haujamsuka mtu. Nimemsuka mimi."

Hakuufuta. Alijiwekea masharti: akifungwa mara mbili, simu inaingia kwenye droo ya taulo mpaka kesho. Na kila akifungwa, kabla hajagusa kichwa cha mtu, ananawa mikono kwa maji ya baridi, halafu ananieleza kosa lake. "Nilikimbilia kula kete yake, sikumtazama mfalme wangu." Mimi hata sijui farasi anatembeaje, lakini niliitikia, "Eeh, hapo ulikosea." Mwanzoni alikuwa anayavunja masharti yake mwenyewe. Siku moja niliegemea ile droo kwa mgongo asiifungue, tukagombana, hatukusemeshana mpaka jioni.

Taratibu pointi zikaanza kurudi. Ikaja Jumanne moja mchana. Mteja alikuwa chini ya kikaushio, dada yuko katikati ya mchezo, kidole kikateleza. Malkia wake akatua mraba wa jirani, akaliwa bure. Mpinzani akaandika, "Asante kwa zawadi, bibi."

Niliona mshipa wa shingo ukimsimama. Dada akaiweka simu mezani, muda wake unakatika, akachukua taulo akaanza kufuta viganja, kimoja baada ya kingine.

"Muda wako unaisha!" nikamwambia.

"Uache uishe kidogo."

Nusu dakika nzima. Kisha akarudi kucheza bila malkia. Mpinzani, akijiona ameshamaliza kazi, alikuwa anasogeza kete haraka haraka bila kutazama. Dada akamla moja, akajibanza, akamla nyingine. Mara farasi wake akaruka mahali palipowatisha mfalme na malkia wa yule bwana kwa mpigo. Mfalme ikabidi akimbie, malkia akaliwa. Waliendelea kutafunana mpaka wakabaki wafalme wawili tu kwenye ubao. Sare, dada amebakiwa na sekunde kumi na moja.

Likaja tusi. Halafu ombi: "Cheza tena kama una ubavu!" Likaja la pili, la tatu.

Dada akacheka taratibu. "Huyu anawaka. Namjua vizuri, nilikuwa yeye." Akazima simu.

Mteja akatoa kichwa kwenye kikaushio. "Umeshinda?"

"Tumetoka sare."

"Sasa nikae au nisikae?"

"Kaa, dada yangu."

Akakaa. Baada ya mistari sita alikuwa anakoroma, na dada anamgeuza kichwa kwa ncha za vidole asimwamshe. Mimi nilijikuta nimempaka mtu rangi mbili tofauti kwa kumtazama.

Wiki tatu baadaye dada alivuka elfu moja na mia tano. Tulimpigia simu mama yetu.

"Hizo pointi zinaliwa?" mama akauliza.

"Haziliwi, mama."

"Zinavaliwa?"

"Hapana."

"Basi ni heshima tupu."

"Ndiyo, mama," dada akasema, shingo ameinyoosha. "Ni heshima."